Tupunguze Mwendo, Tujue Kushukuru

(Maneno ya Kamati ya Jamii, kambi ya Dzaleka, Malawi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda, Ethiopia, Somalia na kwingineko. Wapo waliozaliwa hapa, na sasa wanalea watoto wao hapa hapa.

Mgeni akisikia tunawahimiza wakimbizi wapunguze mwendo, atacheka. Atasema, "Hawa si wanakaa tu?" Ndugu zetu, kusubiri si kupumzika. Anayengoja jina lake litoke kwenye orodha, miguu imesimama lakini moyo unakimbia. Mara uko mbele, katika nchi asiyoijua. Mara uko nyuma, kwenye nyumba aliyoiacha. Mtoto humwita mara tatu haitiki. Jirani akimsalimu, hujibu ameshapita. Huo ndio mwendo tunaoomba upunguzwe.

Neno la pili ni shukrani. Tunajua neno hili lina uchungu, maana mara nyingi mkimbizi akiambiwa "shukuru", anaambiwa "nyamaza". Sisi hatusemi hivyo. Posho ikipungua tutasema imepungua. Pampu ikiharibika tutatoa taarifa. Asante haifuti haki ya mtu. Lakini anayehesabu yaliyokosekana peke yake, mwishowe hawaoni hata wale waliomshika mkono.

Tuwahesabu basi. Mwaka 2023, wenzetu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi waliamriwa kurudi. Walikuta nafasi hakuna. Wapo waliowafungulia mlango, wakalaza watoto wao chini, na sufuria ya watu sita ikapikia kumi. Ni nani aliyewaambia asante? Wapo wenyeji wetu wa Dowa, ambao watoto wao husoma na wetu na hutibiwa pamoja nao katika kituo kimoja. Wapo vijana wanaomtekea maji bibi asiye na mtu, bila kulipwa.

Tunaomba mambo matatu, yasiyohitaji fedha.

Kwanza, kwenye pampu, ndoo ya mzee, ya mgonjwa na ya mama mjamzito itangulie. Foleni itachelewa dakika chache. Ugomvi wa foleni humaliza siku nzima, na pengine huacha chuki ya mwaka.

Pili, jioni kabla ya kula, kila mmoja nyumbani, hata mtoto, ataje mtu mmoja aliyemfaa siku hiyo. Asiyekuwa na wa kumtaja aseme wazi. Hapo jamaa zake watajua kwamba leo alibeba mzigo peke yake, na kesho watamsaidia.

Tatu, tujifunze asante ya jirani. Mwenyeji tumwambie zikomo, Mrundi na Mnyarwanda murakoze, Mkongo aksanti. Mtu akishukuriwa kwa lugha ya mama yake, hasahau.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnaotoka mbali na mnaofanya kazi kwenye jua na vumbi pamoja nasi, asanteni. Ombi letu kwenu ni dogo: kabla ya kuuliza namba ya kadi, ulizeni habari za nyumbani. Aliyesalimiwa, hata akijibiwa kwamba leo hakuna kitu, huondoka na heshima yake.

Ndugu zetu, hatujui nani ataondoka, wala lini. Lakini siku tunazopitisha hapa nazo zinahesabiwa katika umri wetu, na hakuna ofisi itakayoturudishia. Haraka haraka haina baraka. Tuziishi siku hizi tukitazamana usoni.