Mchanga wa Chini ya Bahari Nao Una Wenyewe

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama. Tumeombwa tuyachape kwa faida ya ndugu ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Tumekuja kusema nanyi juu ya mchanga. Pengine yuko atakayeona ni jambo dogo kwa chama cha siasa kukusanya watu kwa ajili ya mchanga. Lakini sisi ni watu wa visiwani. Nchi yetu imezungukwa na mchanga, na siku mchanga huo utakapoondoka hatuna bara ya kukimbilia.

Nyote mmeiona minazi iliyong'olewa na mawimbi. Penye msiba huo duniani, dawa inayotajwa sana ni hii: chombo kikubwa husimama baharini, hunyonya mchanga wa chini kwa bomba, kisha huumwaga ufukweni. Kwa muda mfupi pwani hurudi nyeupe na pana, na wakubwa huja kupigwa picha. Hatusemi kwamba dawa hiyo ni sumu. Twasema kwamba mchanga hauzaliwi ndani ya bomba. Uliomwagwa huku umetolewa kule, na kule nako kuna wenyewe.

Wenyewe ni nani? Ni kaa, chaza na wadudu wa mchangani ambao samaki huwala, na samaki hao ndio riziki ya mvuvi. Bomba likipita, viumbe hao hunyonywa pamoja na mchanga. Huchukua mwaka au miaka kurudi, na shimo likiwa refu huweza kujaa tope lisilo na hewa, wasirudi kama walivyokuwa. Vumbi la mchanga huyachafua maji, likayafunika matumbawe na majani ya bahari. Kasa naye huweza kuuawa na mashine. Na hata akisalimika, hukuta ufuo mgeni. Mchanga ukiwa mgumu hawezi kuchimba kiota. Ukiwa wa rangi nyingine joto lake hubadilika, ilhali joto hilo ndilo linaloamua mayai yatoe majike au madume.

Sasa tutoe mifano miwili. Kusini mwa Uingereza palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Hallsands. Mwaka 1897 palianza kuchotwa mchanga na changarawe mbele ya kijiji hicho, ili kujenga gati za manowari. Wavuvi walilalamika, wakaambiwa bahari itarudisha. Bahari haikurudisha. Ufuo ulishuka, nyumba zikaanza kupasuka, na ruhusa ikafutwa mwaka 1902, baada ya kuchotwa tani zipatazo 650,000. Januari 1917 dhoruba ikaja, na kijiji kikabomoka. Kweli, mchanga ule haukuchotwa kwa kutengeneza ufuo. Lakini bahari haiulizi mchanga wake umekwenda kufanya kazi gani.

Mfano wa pili ni wa ufuo hasa. Katika kisiwa cha Grand Isle, jimbo la Louisiana, Marekani, ufuo ulijazwa mchanga mnamo mwaka 1984. Mchanga huo ulinyonywa katika mashimo mawili, karibu nusu maili tu kutoka pwani. Mashimo yakageuza mwendo wa mawimbi: mkabala wake mchanga ulijikusanya ukatokeza rasi ndogo, na pembeni mwake ufuo ukaliwa zaidi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika kazi hii, ndugu, mchimbaji huondoka na chombo chake, na anayeingia kisimani ni mwanakijiji.

Je, hapana njia ya salama? Ipo iliyo bora. Uholanzi huilinda pwani yake kwa mchanga wa bahari, na mwaka 2001 ilikusudia kumwaga karibu mita za ujazo milioni 12 kila mwaka. Lakini kwa kanuni yake mchanga huchotwa nje ya mstari wa kina cha mita 20, mbali na ufuo.

Sisi si Uholanzi. Mchanga mweupe wa pwani yetu ya mashariki watokana na matumbawe, makombe na mimea ya bahari yenye chokaa. Hata pono anayeguguna mwamba ana fungu lake. Hutengenezwa polepole ndani ya mwamba, na nje ya mwamba bahari hushuka upesi. Basi mchanga ulio karibu na mkono ni ule ule ambao kina mama wa Paje na Jambiani hulimia mwani tangu mwaka 1989, na wengine huokotea pweza maji yakipwa. Kuuchota huo ni kuitia chumba nakshi kwa kubomoa msingi wa nyumba.

Kwa hiyo, ikiwa kesho utaletwa mpango wa namna hiyo, tutataka mambo manne. Kwanza, chini ya bahari papimwe kabla ya kuchimbwa, na karatasi za vipimo zitolewe hadharani kwa Kiswahili. Pili, ijulikane shimo litakuwa wapi na la kina gani. Tatu, kazi isifanywe msimu wa kasa kutaga. Nne, wavuvi na wakulima wa mwani waulizwe kabla, na walipwe hasara yao kabla bomba halijashushwa. Kwani watu wa Hallsands walisikilizwa ilhali ufuo umekwisha kushuka.

Wala tusiisubiri Serikali peke yake. Mikoko ikatwayo kwa kuni, na mchanga uchotwao usiku kwa magari, ni mikono yetu wenyewe. Anayetaka kumwuliza mkubwa juu ya shimo la baharini, na aanze kwa kulifunga shimo lililo nyuma ya nyumba yake.