Reli ya Watoto: Maneno Tuliyowaambia Wanavikundi wa Tassia

Leo hatukuja kukagua vitabu. Tumekuja na habari ya reli.

Huko Budapest, nchi ya Hungaria, kuna reli nyembamba inayopita vilimani msituni. Upana wake ni milimita 760, wakati ile yetu ya zamani ya kwenda Embakasi ni 1,000. Urefu ni kilomita 11.2. Ilifunguliwa mwaka 1948, na mpaka leo wanaoihudumia ni watoto wa miaka 10 hadi 14. Wao ndio wanaouza tiketi, wanaotunza ishara, na wanaoruhusu gari kuondoka stesheni.

Mtauliza, je, ajali? Swali zuri. Dereva wa injini ni mtu mzima, na wakubwa wapo wanasimamia. Mtoto hufundishwa kwanza, akafanya mtihani, ndipo akavaa sare. Lazima awe anafanya vizuri shuleni na wazazi wakubali. Tena zamu si ya kila siku, kwa hiyo haachi shule.

Sasa turudi hapa Tassia. Watoto wetu wanaijua reli kwa kukimbia mbele ya gari moshi na kuweka vifuniko vya soda juu ya chuma. Tunawachapa, basi, imeisha hapo.

Na tuseme ukweli, jamani. Tumeona vikundi ambavyo daftari la michango huandikwa usiku na mtoto wa darasa la saba, kwa sababu mama hana miwani. Siku ya mkutano mtoto huyo huyo anaambiwa, toka nje ucheze. Hesabu ikikosewa, anachapwa. Nani alimfundisha? Hakuna. Kazi tumempa, lakini mafunzo, msimamizi na heshima tumemnyima.

Pendekezo letu ni hili. Kila kikundi kichague watoto wawili, wazazi wakikubali. Katibu awafundishe daftari kwa miezi mitatu, awape mtihani, kisha waketi karibu naye Jumamosi moja kwa mwezi. Pesa zenyewe wasizishike. Hizo ni injini, ziachiwe mweka hazina. Mkubwa atie sahihi chini ya kila ukurasa.

Samaki mkunje angali mbichi.

Swali la kujadili: katika kikundi chenu, ni kazi gani watoto wanaifanya tayari bila kufundishwa?