Mgeni Anakaa Wapi?



Nyumba ya Kiswahili mnaijua, iwe ya Magomeni, Dar es Salaam, au ya Ng'ambo, Unguja: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati wenye vyumba huku na huku, na uani nyuma, penye jiko, choo na kamba za nguo. Ramani yake imebeba adabu. Mpita njia anaishia barazani, kwenye kahawa na bao. Jamaa anavuka ukumbi. Uani ni milki ya wanawake, na mwanamume mgeni hajipeleki huko bila hodi. Hakuna kibao kinachotangaza sheria hizo, na hata mtoto anazijua.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilipasua Ng'ambo kwa barabara pana na kupanga kandokando yake maghorofa marefu ya Michenzani. Familia zikapata umeme, bomba na choo cha ndani. Sitaungana na wanaoyabeza majengo yale. Anayebeza bomba la ndani hajawahi kuamka alfajiri kuwahi foleni ya maji. Kasoro yake ni nyingine. Mchoro uliihesabu familia kwa vyumba vyake tu, ukasahau kwamba nusu ya maisha yake ilikuwa nje ya vyumba.

Watu hawakungoja wasanifu wajirekebishe. Walishuka ngazi, wakaweka viti na mabenchi chini. Maskani ya Kisonge, palepale Michenzani, ilivuma Zanzibar nzima kwa ubao wake wa maneno makali ya siasa. Baraza lililoachwa nje ya ramani lilirudi, tena likiwa na sauti kuliko mwanzo.

Msanifu Beda Amuli aliliona hilo mapema. Soko lake la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, limefunikwa kwa miamvuli ya zege iliyopinduliwa, inayotoa kivuli na kukinga maji ya mvua. Chini yake hewa inapita, na mtu anaingia sokoni bila kuhisi amevuka mlango. Moto wa Julai 2021 uliliunguza. Miamvuli ile ndiyo ya kulindwa kwanza.

Sasa tazameni maghorofa mapya ya Upanga na Kariakoo. Chini ni maduka au maegesho, kisha geti, na kando ya geti kiti cha plastiki cha mlinzi. Kiti hicho ndicho baraza pekee la jengo zima, na kina nafasi ya mtu mmoja. Vioo vinaelekezwa jua la magharibi, kisha mpangaji analipia kiyoyozi mwaka mzima. Wateja watasema kiwanja ni ghali. Ni kweli, ila benchi la zege lenye kivuli halizidi upana wa gari moja.

Kwa hiyo, kuanzia muhula huu, kila mchoro wa ghorofa utakaoletwa darasani kwangu uoneshe mgeni anakaa wapi kabla hajakaribishwa ndani. Usioonesha nitaurudisha.