Picha Ikikatika, Anzeni Juu ya Paa

(Maneno aliyosema mratibu wa maendeleo ya jamii katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia.)

Nimeombwa niseme juu ya runinga za vikundi, kwa maana malalamiko yamezidi. Picha inaganda mtangazaji akiwa amefungua mdomo, inakatika vipande vipande kama vigae, sauti inakwaruza. Halafu pesa za kikundi zinaanza kutoka.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, hamkijui, kwa hiyo msianze kutazamana. Walichanga wakanunua runinga ya ukumbi. Jumamosi watu hulipa kidogo kutazama mpira, na hizo pesa ndizo hununua vifaranga. Mvua ndefu zilipoanza, picha ikaharibika. Fundi akasema king'amuzi kimekufa. Wakanunua kingine kwa shilingi elfu tatu, na picha ikawa ile ile. Fundi akarudi akawauzia busta. Ikawa mbaya zaidi! Mweka hazina akaanza kusemwa ati anakula pamoja na fundi, na kikundi kikabaki kidogo tu kivunjike. Kumbe ugonjwa ulikuwa kiungo kimoja cha waya kilichoingia maji.

Hebu tuelewane. Kabla mitambo ya zamani ya analojia haijazimwa hapa Kenya mwaka 2015, mawimbi yakipungua uliona chengachenga, lakini bado ulimtambua anayesema. Dijitali haina huruma hiyo. Picha ni safi kabisa, safi, safi, halafu inaanguka ghafla. Kwa hiyo picha nzuri ya jana si ushahidi kwamba mawimbi yalikuwa mengi. Pengine mlikuwa ukingoni tayari, na kitu kidogo kikawasukuma.

Chukueni rimoti, mwingie kwenye menyu. Ving'amuzi vingi huonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Tazameni sana ule wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, ni kama mtu anayepiga kelele na mdomo umejaa ugali: unamsikia, lakini humwelewi. Ndiyo sababu busta haikuwasaidia wale mama. Busta hukuza mawimbi pamoja na uchafu wake, na mkiwa karibu na mnara huweza kukilemea king'amuzi.

Sasa maji. Wanaotumia dishi, mvua kubwa yenyewe huweza kukata picha, na ikiisha picha hurudi. Lakini antena ya kawaida ya juu ya paa haisumbuliwi hivyo na mvua. Kama yenu inakatika baada ya mvua na kurudi jua likikausha, shukuni waya. Wengi wetu tumeunga waya kwa kusokota na kufunga karatasi ya nailoni. Kateni mpaka mfikie shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi, endeleeni kukata. Kama nyeusi haiishi, badilisheni waya wote. Wekeni kiungo kipya cha kuzungushwa, mkifunge vizuri kwa utepe usiopitisha maji. Na kabla waya haujaingia nyumbani, acheni uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji yadondoke hapo nje.

Antena yenyewe iwe ya UHF, ile ya vijiti vifupi, kama futi moja au pungufu. Ile kubwa ya babu yenye vijiti virefu haikutengenezewa mawimbi haya. Tazameni jirani mwenye picha nzuri: antena yake inaelekea wapi, na vijiti vimelala au vimesimama? Fanyeni hivyo hivyo. Isifichwe nyuma ya mti wala ukuta wa mabati.

Kama ni stesheni chache tu zimepotea, kumbukeni wanaorusha mawimbi ni zaidi ya mmoja, na minara yao si lazima iwe mlima mmoja. Geuzeni antena polepole, mmoja akiwa ndani anatazama ule mstari wa ubora. Msikimbilie kutafuta stesheni upya wakati picha ni mbaya. King'amuzi kinaweza kufuta hata zile mlizokuwa nazo. Kikundi chenye sola, pimeni betri kwanza. Ikichoka, king'amuzi hujizima na kujiwasha, na watu husema ni mawimbi.

Na tafadhali, mlingoti wa antena usiinuliwe karibu na nyaya za stima, wala mtu asipande paa mvua ikinguruma. Kifaa hununuliwa tena.

Fundi akisema king'amuzi kimekufa, kipelekeni kwa jirani, mkiunganishe na antena yake. Ni kazi ya dakika kumi na haina malipo. Kikionyesha picha huko, mrudishieni fundi ngazi yake.

Sasa tutoke nje. Nimeleta kisu, waya wa mita tano na viungo vinne, na ningependa waweka hazina ndio washike kisu.