Baina ya Siha na Maradhi: Mada Juu ya Hali Itanguliayo Kisukari



Katika mitaa yetu hii ya Nairobi, tangu Jericho hadi Jerusalem na Maringo, mtu atokapo kupimwa damu hutamka kwa tabasamu, "Nina sukari kidogo tu." Maneno hayo ndiyo yaliyonisimamisha mbele yenu, kwa kuwa msemaji mmoja hudhani kwamba amekwisha kupatwa na kisukari, akakata tamaa kabla ya wakati wake, na mwingine, ambaye taksiri yake ni kubwa zaidi, hudhani kwamba kidogo maana yake ni salama.

Kila tulapo ugali, chapati au mandazi, wanga hugeuka sukari ikaingia damuni, na kongosho hutoa homoni iitwayo insulini ili misuli na ini vipate kuipokea. Mtu azidipo unene wa tumbo na kupungukiwa na mwendo, viungo hivyo huwa vizito vya kuitika, na kongosho, mfano wa hamali aongezewaye gunia juu ya gunia, huzidisha juhudi. Na maadamu mizigo yafika sokoni, mwenye mali haulizi habari za mgongo wa hamali. Ndiyo sababu mtu aweza kukaa miaka mingi katika hali hii itanguliayo kisukari pasipo kiu ya ajabu wala kuamka usiku kukojoa, ilhali mishipa yake ya damu yaweza kuwa imeanza kudhurika.

Basi tafauti baina ya siha, hali hii na kisukari chenyewe haijulikani ila kwa kipimo. Damu ya mtu ambaye hajala kwa saa 8 ikifika milimoli 7.0 kwa lita, hicho ni kisukari, nacho huthibitishwa kwa kupimwa tena iwapo hana dalili. Shirika la Afya Duniani huihesabu hali ya katikati tangu 6.1 hadi 6.9, Wamarekani huanzia 5.6, hata mtu mmoja, kwa damu ile ile, akawa mzima Geneva na mwenye kuonywa Marekani! Nami sioni aibu katika hitilafu hiyo, kwani mpaka umechorwa na matabibu, na sukari hupanda polepole bila kuujua.

Lakini lililo muhimu kuliko tarakimu ni kwamba aliye katika hali hii aghalabu aweza kurudi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu wa hali hii walioagizwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kujishughulisha kwa mwendo dakika 150 kila juma walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa dawa ya metformini kwa asilimia 31. Yaani miguu iliishinda dawa. Dakika 150 si jambo geni hapa: wazee wetu wengi walifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu kwenda kazini na kurudi, wala hawakuiita safari hiyo mazoezi.

Taabu yetu ni kutojijua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 katika kila 10 hawajapata kupimwa sukari maishani mwao.

Kesho saa 1 asubuhi tutapima papa hapa. Chai ya maziwa, hata ile isiyotiwa sukari, tafadhalini ingoje mpaka mmekwisha kutobolewa kidole; maji matupu hayana neno.