Simbiliki na Uyoga wa Manjano

Leo tuseme juu ya vitu viwili vinavyoingia katika chungu chetu: simbiliki, na uyoga wa manjano tunaookota chini ya miombo wakati wa mvua.

Kwanza, jamaa zao. Simbiliki ni nyama, anazaa watoto na kuwanyonyesha. Tazameni meno yake ya mbele, yenye rangi ya chungwa: hayaachi kukua, kwa hiyo anatafuna siku zote. Yeye ni wa kabila la watafunaji. Lakini nungu ni ndugu yake wa karibu kuliko panya wa nyumba.

Na uyoga je? Wengi watajibu: ni mmea. Hata wenye elimu wa zamani waliuandika pamoja na mimea. Lakini mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, uyoga hauwezi. Mwaka 1969 Whittaker wa Marekani aliupa uyoga ufalme wake wenyewe, si wa mimea, si wa nyama. Tena tunachookota ni kama tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba ndani ya udongo, zimeshikamana na mizizi ya miombo. Mti unazipa sukari, nazo zinaupa mti maji na chumvi za udongo.

Pili, usalama wao. Chama kiitwacho UICN kina Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyopimwa kama viko karibu kupotea. Simbiliki amepimwa: hana hatari kubwa. Lakini namna za uyoga na kuvu zenye majina zimepita 150,000, na mwaka 2025 zilizopimwa zilikuwa elfu moja na mamia machache tu. Basi tusijidanganye. Mtu asiyepimwa na muganga si mzima kwa sababu hiyo.

Sasa fikirini. Tukikata miombo yote kwa makala ya kuuza Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, majani marefu yataota. Simbiliki atafurahi, ataingia katika muhindi wetu. Lakini uyoga wa manjano utakosa mizizi inayoulisha, na hakuna mbegu yake ya kupanda shambani.

Kwa hiyo acheni sehemu ya miombo isimame karibu na kijiji. Visiki vilivyokatwa, viacheni vichipuke. Tena zuieni moto wa mwisho wa kiangazi, maana ndio mkali kupita yote. Simbiliki tutamwinda kesho. Uyoga tuulinde leo.