Kimondo Kikipita Juu ya Kata Yetu: Tutazame, Tuandike, Tutoe Taarifa

Maelezo haya yalitolewa na mwalimu wa Jiografia wa shule ya sekondari katika mkutano wa wakazi wa kata. Tunayachapisha kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya vimondo. Huenda mtu akauliza: katika mkutano ambapo tuna hoja za maji, barabara na pembejeo za korosho, kimondo kinatuhusu nini? Jibu langu ni hili. Mwanga mkali ukipita angani usiku, na dakika chache baadaye ukafuatwa na mngurumo unaotikisa mabati, mkazi wa Mtwara hawazi nyota kwanza. Aliye jirani na Madimba au Msimbati atawaza mitambo ya gesi. Aliye kando ya Mto Ruvuma, ambaye hajasahau yaliyotokea Kitaya mwezi Oktoba 2020, atawaza jambo baya zaidi. Watu watakimbia na watoto gizani, simu zitapigwa kila upande, na kabla ya alfajiri maneno yatakuwa mengi kuliko macho yaliyoona. Kujua dalili za kimondo ni sehemu ya usalama wetu.

Kimondo ni kipande cha jiwe au chuma kinachozunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka, mpaka njia zao zinapokutana. Kinaingia katika hewa kwa mwendo usiopungua kilometa 11 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, kutoka Mtwara Mjini hadi Masasi ni sekunde zisizofika 20. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali, jiwe huwaka na kumomonyoka, nasi tunaona mwenge wa moto. Wazee wetu wa pwani wana mafundisho yao ya dini kuhusu mienge hiyo ya angani, nami sikuja kubishana nayo. Nazungumzia kile kinachobaki ardhini, ambacho mkono unaweza kukishika.

Mambo matatu huwadanganya watu. La kwanza ni umbali. Mwako huanza kuonekana kimo cha kilometa 100 hivi na kwa kawaida huzimika ukiwa bado zaidi ya kilometa 20 juu. Kwa sababu ya kimo hicho, watu wa wilaya kadhaa huuona kwa pamoja, na kila mmoja huapa kwamba umeangukia nyuma ya minazi ya jirani yake. La pili ni sauti. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti huchukua takriban sekunde 3 kwa kila kilometa, hivyo mngurumo wa kimondo kilichopasuka kilometa 40 juu huchukua kama dakika 2 kutufikia. Mlipuko wa karibu haukawii hivyo. La tatu ni joto. Baada ya mwako kuzimika, jiwe huanguka gizani kwa dakika kadhaa likipita katika hewa baridi, na mawe ya kawaida hufika ardhini yakiwa ya baridi au ya uvuguvugu tu. Kwa hiyo ukikuta shamba linaungua, mwite Zimamoto kwa namba 114 na usidhani kuwa ni kimondo.

Ndugu wananchi, nchi yetu ina mifano miwili inayofundisha thamani ya shahidi.

Mfano wa kwanza wengi mnaujua: Kimondo cha Mbozi, kilichopo kijiji cha Ndolezi, mkoani Songwe. Ni pande la chuma chenye nikeli, urefu wake ni mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, na serikali ya kikoloni ikapata habari zake mwaka 1930 kupitia mpimaji ardhi W. H. Nott. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa duniani, lakini hakuna masimulizi ya mtu aliyekiona kikianguka. Hatujui mwaka wala karne. Tani zote zile hazina shahidi hata mmoja.

Mfano wa pili ni mdogo, na watu wachache wameusikia. Tarehe 16 Desemba 1938, katika eneo la Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, jiwe lilianguka kutoka angani. Lililohifadhiwa lina uzito wa gramu 705, pungufu ya kilo moja ya sukari. Lilikuwa jeusi, laini, lenye udongo wa mfinyanzi na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Mawe ya aina hiyo yaliyookotwa baada ya kuonekana yakianguka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja duniani kote, na kundi lao zima limepewa jina la Ivuna. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi iitwayo Ryugu, baada ya safari ya miaka 6. Wataalamu walipoupima waliona kwamba jiwe linalofanana nao zaidi ni la aina ya Ivuna. Kile ambacho Wajapani walikifuata mbali kiasi hicho, Tanzania ilikuwa imekipata miaka 82 kabla, kwa sababu tukio lilijulikana na jiwe likaokotwa. Jiwe laini namna ile likikaa masika moja katika tope hugeuka kuwa tope lenyewe.

Hata sisi wa kusini tuna letu. Tarehe 24 Oktoba 1899 kimondo kidogo, cha gramu 165 tu, kilianguka Peramiho, ambayo leo ipo Mkoa wa Ruvuma. Mawe ya aina yake hudhaniwa kuwa yalimeguka kutoka Vesta, asteroidi mojawapo kati ya kubwa kabisa. Lililoanguka Peramiho laweza kuanguka Nanguruwe.

Sasa tufanye nini tukiuona mwako? Naomba tushike mambo manne.

Kwanza, simama ulipo na uhesabu sekunde tangu mwanga ulipozimika mpaka usikie mngurumo. Usipousikia, hilo nalo ni taarifa. Tazama saa ya simu yako. Ikiwa sauti na mwanga vimekuja kwa pamoja, au unaona moshi na moto ardhini, hiyo ni hatari ya karibu: ondoa watu na upige simu Polisi kwa namba 112.

Pili, weka alama ya mahali uliposimama, na kesho yake urudi palepale. Onyesha kwa mkono mwako ulipoanzia na ulipozimikia, ukitumia vitu visivyohama: mnara wa simu, mwembe, paa la msikiti. Kwa kimo, nyoosha mkono na uhesabu ngumi kutoka upeo wa macho. Kila ngumi ni takriban nyuzi 10. Shahidi wa Mikindani akionyesha kusini, na shahidi wa Kilambo akionyesha magharibi, mistari yao miwili ikichorwa kwenye ramani hukatana. Hapo mtaalamu anajua mwako ulizimikia juu ya wapi, na akizingatia upepo anaweza kutaja eneo la kutafuta. Shahidi mmoja peke yake, hata awe mkweli namna gani, hawezi kutoa jibu hilo.

Tatu, mweleze mtendaji wa kijiji chako siku hiyohiyo, kabla hujalinganisha maneno na wenzako barazani. Kumbukumbu ya mtu ni kama nyayo ufukweni: maji yakijaa hazisomeki tena. Ninapendekeza kila ofisi ya kijiji iwe na daftari moja la kuandikia taarifa hizo: mahali, saa, upande, ngumi, sekunde. Taarifa zikikusanywa katika kata zinaweza kupelekwa Halmashauri, na kutoka huko kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nne, utafutaji ufanywe kwa utaratibu. Mwezi Oktoba 2008 asteroidi ndogo ilipasukia juu ya jangwa la kaskazini mwa Sudani. Mwezi Desemba wanafunzi na watumishi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakiongozwa na Dakta Muawia Shaddad, walijipanga mstari mmoja mrefu na kutembea pamoja wakitazama chini. Waliokota kwa mikono yao, na utafutaji ulipoendelea vipande vilifika kama 600. Jangwa liliwasaidia kwa kuwa jiwe jeusi huonekana juu ya mchanga. Sisi katika mikoko na vichaka tungepata taabu. Lakini mchanga mwekundu wa mashamba yetu ya mikorosho, uliofagiliwa chini ya miti ili korosho zionekane, una mawe machache, na jiwe geni halijifichi humo. Naomba tu tusiingie shamba la mtu bila ruhusa yake, hasa msimu wa kuokota.

Jiwe la kimondo lililoanguka karibuni lina ganda jembamba jeusi, kama chungu kilichokaa motoni. Mara nyingi lina vibonyeo kama vya kidole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Kwa kawaida ni zito kuliko jiwe la ukubwa wake, na mengi huvutwa na sumaku. Halina matundu matundu kama sifongo. Mavi ya chuma kutoka kwa wahunzi yana matundu, na changarawe yenye chuma nayo ni nyekundu na nzito; vyote viwili huwadanganya watu. Usiliweke sumaku juu yake, usilioshe, usilipasue. Lipige picha lilipo, kisha lichukue kwa mfuko safi na mkavu. Kumbuka kwamba mvua zetu zikianza mwishoni mwa mwaka haziachi mapema.

Lakini kitu cha chuma usichokifahamu ni habari nyingine. Tunaishi jirani na mpaka ulioona vita vya ukombozi wa Msumbiji, na chuma kilichofukiwa chaweza kuwa na baruti. Angani pia kuna vyuma vya binadamu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi, likaichukua. Vyuma vya aina hiyo huweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Kanuni ni moja: jiwe lenye ganda jeusi, piga picha na utoe taarifa, chuma kilichotengenezwa, usikiguse, zuia watoto, na uwaite Polisi.

Nimalizie na Mbale, nchini Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, mawe mengi yaliuangukia mji ule katika eneo la kilometa 3 kwa 7. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Mapaa yalitobolewa. Mvulana mmoja aligongwa kichwani na kipande cha gramu 3.6, lakini kwa rehema kilikuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, hakikumwumiza. Wapo waliosaga mawe hayo na kuyanywa wakitumaini yatawaponya UKIMWI. Hayakumponya mtu, na kila lililosagwa lilipotea. Wengine waliwaonyesha watafiti mahali hasa mawe yalipoangukia, na kwa ajili ya watu hao tukio la Mbale limeandikwa vizuri kuliko mengi.

Hapa kwetu sioni hatari ya kusaga peke yake. Naona hatari ya wale wanaochimba mashamba ya watu wakitafuta rupia za Mjerumani. Kesho ya kimondo watakuja na mizani na ahadi za mamilioni, wataomba fedha ya "kupimia jiwe", kisha simu zao hazitapatikana. Asitoe mtu hata shilingi. Anayetaka kulijua jiwe hakuombi fedha. Atakuuliza uliliokota wapi, siku gani, na kama lilinyeshewa.

Ndugu wananchi, pengine mwako mkubwa hautapita juu ya kata yetu katika umri wa wengi wetu tuliopo hapa. Lakini daftari halina gharama, na watoto wa shule wanaweza kujifunza kuhesabu ngumi na sekunde wiki hii. Mbozi wana tani 16 zisizo na tarehe. Ivuna wana gramu 705 zenye tarehe, na jina lao limefika kila maabara inayochunguza chanzo cha jua na sayari zake. Tofauti yao ni watu waliokuwapo wakatazama, na jiwe lililowahiwa kabla ya mvua.